Somo: Kuifuata sentensi ya AI hadi ilikotoka

Mwezi jana kijana mmoja aliniletea makala ya jarida la kikundi chetu, historia ya Kisumu. Kiswahili kimenyooka, tahajia safi, na chini kaorodhesha vitabu vinne. Nilikaa saiba moja ya Kondele saa mbili nzima nikivitafuta. Viwili havipo popote. Cha tatu kipo, ila kinahusu ufugaji wa nyuki. Nilipombana akacheka: "Mzee, hiyo orodha nilipewa na AI."

Tangu siku hiyo nimekuwa na utaratibu wangu, na kwa kuwa wengi mmeniuliza, huu hapa.

Hatua ya 1: Usiiulize roboti, yaani hiyo AI inayoandika, imetoa wapi. Najua ndiyo njia ya mkato. Lakini roboti haina kabati la vitabu ndani yake. Imejifunza neno gani hufuata lipi, basi ukiidai marejeo inakutungia kitu chenye sura ya marejeo. Zile zinazotafuta mtandaoni kwanza, kisha zikaweka viungo, angalau zina pa kushikia. Hata hizo, fungua kila kiungo usome mwenyewe.

Hatua ya 2: Chagua maneno adimu. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Makala ya kijana ilikuwa na maneno "mji ulio kando ya Ziwa Victoria". Hayo yana baba elfu, ukiyatafuta utachoka bure. Lakini mbele kidogo alisema kwamba mji uliitwa Port Florence, na kwamba "mke wa mhandisi aligongomea msumari wa mwisho" wa reli Desemba 1901. Hilo halisemwi na kila mtu. Chukua maneno sita hadi manane ya namna hiyo, yatie ndani ya alama za kunukuu, utafute. Ukikosa, punguza neno moja moja kutoka mwisho.

Hatua ya 3: Igeuze kwa Kiingereza utafute tena. Sehemu kubwa ya maandishi waliyolishwa hawa jamaa ni ya Kiingereza, kwa hiyo sentensi ya Kiswahili huenda haijawahi kuandikwa na mtu yeyote kabla yako. Msumari wangu niliupata hivyo, si kwa Kiswahili.

Hatua ya 4: Panda mto. Nilipata kurasa chungu nzima, na nyingi zimenakiliana hadi koma. Angalia tarehe, tafuta iliyo ya zamani kuliko zote, uone inamtaja nani. Ndipo nikagundua kuna hadithi mbili: wengi wanasema Florence aliyepewa mji jina lake alikuwa mke wa Ronald Preston, msimamizi wa utandikaji wa reli, wengine wanamtaja mke wa Francis O'Callaghan wa kamati ya reli kule London. Roboti ilichagua moja bila kutuambia kuna ya pili. Wingi wa kurasa usikutishe. Kurasa ishirini zilizonakili moja ni shahidi mmoja.

Hatua ya 5, kwa wenye rundo la nyaraka zao. Ukiwa na faili mia nne, kutafuta moja baada ya nyingine kunatosha, kompyuta haichoki. Zikiwa mamilioni unahitaji orodha ya mikia. Chukua sentensi ya msumari. Kila neno lina mkia wake, yaani lenyewe na yote yanayolifuata hadi mwisho. Ipange mikia hiyo kwa alfabeti:

aligongomea msumari wa mwisho
mhandisi aligongomea msumari wa mwisho
mke wa mhandisi aligongomea msumari wa mwisho
msumari wa mwisho
mwisho
wa mhandisi aligongomea msumari wa mwisho
wa mwisho

Tazama "wa" zote mbili zilivyokaa pamoja. Sasa ukitafuta "wa mwisho" husomi kila kitu: unafungua katikati kama kamusi, unaona uende juu au chini, unagawa tena. Mikia trilioni moja inahitaji kugawanywa nusu kwa nusu kama mara 40 tu. Sijawahi kuona hesabu inayonifurahisha kama hiyo.

Taasisi ya utafiti wa AI iitwayo Ai2, ya Seattle, Marekani, ilitoa chombo kiitwacho OLMoTrace Aprili 2025 kwa mbinu hiyohiyo. Inachukua jibu la modeli yao (ubongo wa roboti) iitwayo OLMo na kulilinganisha na matini yote iliyofundishiwa, tokeni trilioni 4.6 (tokeni ni neno au kipande cha neno), kwa sekunde chache. Inatafuta vipande virefu vinavyolingana neno kwa neno, inabakiza vile vya maneno adimu (hatua yetu ya 2!), kisha inaleta nyaraka zenyewe, zinazokaribiana zaidi na jibu zikiwa juu.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Nakuru:* Mzee, naweza kufanya hivyo kwa roboti yoyote?

Hapana, ndugu. OLMo inawezekana kwa sababu data yake iko wazi. Kampuni ambazo hazijafungua ghala lao, aliye nje anabaki na hatua ya 1 hadi ya 4.

*Mwalimu, Bungoma:* Nikipata insha ya mwanafunzi inalingana na ukurasa fulani, si nimemshika?

Mwalimu, umeshika mfanano. Huenda yeye na ukurasa huo wote wamenukuu kitabu kimoja. Mimi huandika "inalingana na", siandiki "imetoka". Kujua ni waraka upi hasa uliisukuma roboti iseme hivyo ni hesabu nyingine, nzito. Watafiti Koh na Liang waliionyesha 2017 kwa modeli za kujifunza kwa mashine, na 2023 kampuni ya AI ya Anthropic wakaifikisha kwenye modeli ya vigezo bilioni 52, yaani namba zilizo ndani ya modeli. Saiba ya Kondele haiwezi hiyo.

*Dada wa Kakamega:* Kwa hiyo Kiswahili cha roboti kinaweza kuwa kimetoka kwa waraka wa Kiingereza?

Ndiyo, dada. Utafiti huo wa 2023 ulikuta kwamba modeli ikiwa kubwa, waraka wa lugha moja unagusa jibu la lugha nyingine. Ndiyo maana siruki hatua ya 3.

*Fundi wa Nakuru:* Orodha ya mikia itakula diski kiasi gani?

Mfumo wa infini-gram, ambao OLMoTrace imejengwa juu yake, hutumia baiti 7 kwa kila tokeni. Tokeni milioni mia moja ni megabaiti 700. Flashi yako inatosha.

*Msomaji, Kisumu:* Na yule kijana?

Makala yake imerudi na hadithi zote mbili za Florence. Kile cha nyuki amekiondoa.