Somo: Neno "steep" kwa waongoza watalii na wapagazi wa Moshi

Swali la "steep" maana yake nini na linatumikaje linarudi kila msimu, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Utaratibu huu unafaa kwa neno lolote.

1. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, usome na mifano. Steep ni -enye mwinuko au mteremko mkali.

2. Angalia aina ya neno: kivumishi.

3. Tamka "stiip", irabu ndefu, pasipo kuchomeka "i" kati ya s na t. Ukiikata, mgeni anaweza kusikia "step".

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwetu "kali" inabeba mengi, basi mtu anaokota "sharp" na kumwambia mgeni "sharp road". Haieleweki. Sharp ni kisu na kona. Mbwa ni fierce, mwalimu ni strict, pilipili ni hot. Njia, ngazi na bei iliyozidi ndizo steep. Usiandike neno peke yake daftarini, liandike na mwenzake: steep path, steep stairs, steep climb, steep descent, steep price. Kisha tunga sentensi za kazini, mfano za ukuta wa mwamba wa Barranco na njia ya kushukia ya Mweka, Kilimanjaro: "The Barranco Wall is steep, use your hands." "The descent to Mweka is steep, go slowly." Tahadhari: kimo si steep. Kilimanjaro ina mita 5,895, hiyo ni high. Na njia yenye mwinuko mdogo ni gentle.

5. Itumie siku hiyo hiyo.

MASWALI

– Mkuu, kwa kifupi steep ni nini?
Hatua ya 1.

– Nikisema "steep mountain" nimekosea?
Hujakosea. Nimeikataza wapi? Nilichokataza ni kuitumia kwa kimo.

– Mgeni kambini alisema "let the tea steep". Chai nayo ina mwinuko?
Swali zuri sana, dada. Hilo ni neno jingine lenye sura ileile, nalo ni kitenzi: kuacha majani ya chai yakae kwenye maji ya moto hadi rangi na ladha vitoke. Kwa hiyo usikoroge wala usimimine, iache dakika tatu hadi tano. Ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi.

– Na "steeply"?
Inafuata kitenzi: "The path climbs steeply after Kibo Hut." Ukiwa hapo ongeza na "scree", yaani changarawe inayoporomoka ukikanyaga. Wageni wanaitaja sana wakipanda kutoka kambi hiyo ya Kibo kuelekea Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta.