Tanga kwa saa za maji: mapango, maji moto na bahari

Kabla ya kukata tiketi ya basi la Tanga, angalia mwezi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huku inapita mita tatu, na anayekwenda kuogelea ufuko wa Raskazone saa nne asubuhi na taulo begani anakuta matope, mawe na ngalawa zimekalia mchanga. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki yanaingia maji mafu, na ratiba imegeuka: kujaa asubuhi, kupwa jioni, ingawa tofauti yenyewe ni ndogo.

Kwa anayetaka mapango, maji moto na bahari kwa siku moja, chagua siku ya mwezi mpevu au mwandamo, au kesho yake. Asubuhi, bahari ikiwa haina maana, uko kwenye mapango ya Amboni. Alasiri unarudi mjini maji yakiwa yanapanda. Wageni wengi hufanya kinyume, kisha wanasema Tanga haina pa kuogelea.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Njia ya kwenda mapangoni inakuwa tope, sakafu ya pango inateleza, na mto Mkulumuzi unaopita hapo unajaa. Juni hadi Septemba, wakati wa upepo wa kusi, hewa ni ya ubaridi kidogo na kutembea hakuchoshi.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera. Segera ndipo basi linapoiacha njia ya Moshi na kukunja kulia kwenda Muheza. Basi linakushusha stendi ya Kange, ambayo iko nje ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji au daladala ya kukufikisha katikati. Anayetoka Mombasa kwa gari lake kupitia mpaka wa Horohoro anaipita Amboni kabla ya kuingia Tanga. Huyo aanze na mapango papo hapo.

Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji, unaacha barabara ya Horohoro na kuingia upande wa Kiomoni. Kodi bajaji ya kwenda na kurudi, mpatane kabisa bei ya kukusubiri, kwa sababu ukiiachia hapo usafiri wa kurudi ni wa kubahatisha. Mapango yanasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Uwe na salio kwenye simu la kulipia kiingilio, na udai risiti.

Mapango ni kama kumi, lakini linalotembelewa na wageni ni moja tu, na huingii bila mwongoza watalii. Hilo usilijadili. Ndani mna matawi yanayofanana, mengine yanaishia gizani bila njia, na ukigeuka mara mbili hujui tena ulikotoka. Hili ni jiwe la chokaa la enzi ya Jurasiki, lililochimbwa na maji taratibu. Matone yanayodondoka hadi leo ndiyo yaliyojenga zile nguzo zinazoning'inia juu na zinazoota kutoka chini. Usiziguse: mafuta ya kiganja yanalizuia tone lisigande, na sehemu iliyoshikwashikwa inageuka nyeusi na kuacha kukua.

Vaa suruali na raba zenye meno, ndala hapana. Kila mtu awe na tochi yake, si ya simu, kwa kuwa kuna mahali utahitaji mikono miwili kujishikilia. Kuna vipenyo vya kuinama mpaka magoti, na wengi hugonga kichwa wakati wa kuinuka, si wa kuingia, kwa kudhani wameshapita. Hesabu hatua mbili za ziada kabla hujanyoosha mgongo. Mwenye pumu ajue kwamba popo ni wengi na harufu ya kinyesi chao ni kali. Utaona pia mahali pa mzimu, penye sadaka za watu. Hapo bado ni mahali pa ibada, kwa hiyo uliza kabla ya kupiga picha na usisogeze kitu.

Ukitoka na vumbi la pango mwilini ndipo uende kwenye maji moto ya Galanos, upande huohuo wa Amboni. Jina ni la Mgiriki mwenye shamba la mkonge, aliyeyathamini maji haya kwa kupumzisha mwili baada ya kazi. Usiyaendee kama hoteli yenye vyumba vya masaji. Hii ni chemchemi ya salfa, na utamu wake ni maji yenyewe. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na ndiyo inayogeuza fedha kuwa nyeusi, hivyo vua pete na cheni za fedha uziache mbali na mvuke.

Pima joto kwa kiwiko kwanza, kisha mguu, kisha mwili. Dakika 15 zinatosha. Kizunguzungu huja unaposimama ghafla, kwa hiyo kaa ukingoni kidogo na unywe maji ya chupa. Usizamishe kichwa wala kuruhusu maji yaingie puani, kwa kuwa maji ya vuguvugu yasiyotibiwa yanaweza kubeba vimelea hatari. Usiyanywe. Mjamzito, mwenye shinikizo la juu la damu na mwenye kidonda kibichi waishie kunawa miguu. Beba dumu la lita tano la maji safi ya kujisuuza, la sivyo harufu utapanda nayo bajaji.

Saa tisa uwe Raskazone. Ogelea maji yakiwa bado yanapanda, na utoke yanapoanza kurudi.

Siku ya pili ni ya mji wenyewe. Boma la Wajerumani lina makumbusho ya Urithi, na makaburi ya wanajeshi yanakumbusha mapigano ya Wajerumani na Waingereza ya Novemba 1914. Tongoni, chini ya kilomita 20 kusini kwa njia ya Pangani, kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya kale. Nenda asubuhi, jua likiwa la pembeni, maana nakshi za matumbawe hazionekani vizuri saa sita. Kisiwa cha Toten fuata kwa mashua maji yakijaa tu; yakipwa utashukia kwenye tope la mikoko.

Hifadhi ya Amani, juu ya Muheza, usiibane kwenye siku hizi mbili. Ni msitu wa Usambara Mashariki, njia ni ya vumbi yenye kona kali, na wakati wa mvua gari dogo halifiki. Lala huko usiku mmoja na ubebe sweta.