Namna ya kukuza misamiati ya Kiingereza cha juu

Kama Kiingereza cha kawaida unakimudu ila ukishika makala nzito unakwama kila aya, basi hapo shida sio grama, ni misamiati, na tafadhali usianze kumeza dikshenari kuanzia A maana utachoka na maneno yenyewe hayatakaa.

Anza na Academic Word List, orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000, ina familia 570 za maneno (yaani neno na ndugu zake, kama analyse na analysis) yanayojirudia sana kwenye maandishi ya kitaaluma, mfano analyse, derive, significant. Zipo bure mtandaoni.

Halafu jifunze mizizi. Maneno mengi magumu ya Kiingereza asili yake Kilatini na Kigiriki, na mengine kibao yalipitia Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ukishajua bene ni wema na mal ni ubaya, ukikutana na benevolent na malevolent huanzi sifuri, unakuwa na pa kushikia.

Sasa hapa ndo wengi wanapokosea na mimi naona ndo penyewe: wanaandika neno na maana yake basi, wakati neno la Kiingereza lina wenzake linaotembea nao. Mvua kubwa ni heavy rain lakini upepo mkali ni strong wind, ukigeuza utaeleweka ila msikilizaji atajua kuna kitu hakijakaa sawa. Kwa hiyo daftarini usiandike conclusion peke yake, andika reach a conclusion, usiandike threat, andika pose a threat, na chini yake nakili sentensi nzima ulikolikuta. Angalia pia linatumika wapi, commence na begin zote ni kuanza ila commence ni ya barua rasmi, ukimwandikia rafiki inakuwa kama unamsomea hotuba.

Kurudia ni lazima. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, so rudia kesho yake, baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Anki, programu ya kadi za kujikumbushia, inakupangia yenyewe siku za kurudia. Na ukirudia ziba maana kwanza ujilazimishe kukumbuka, kusoma tu kwa macho kunadanganya.

Sio kila neno lazima ulitumie, mengine yaache yawe ya kuyaelewa ukisoma tu. Chagua machache unayoyahitaji kweli kwenye kazi au masomo yako, hayo uyaandikie sentensi zako mwenyewe wiki hiyohiyo.