Somo: Wavu wa kufichia kifaru cha mfano kwa bandeji ya pamba

Wavu wa kufichia kifaru halisi cha kivita ni mzito. Hulalia mtutu na kingo za mnara wa mzinga, hubonyea katikati, kisha huning'inia ubavuni kwa mikunjo mirefu. Wavu wa kifaru cha mfano ni mwepesi mno kufanya hivyo wenyewe, na kazi yote ya somo hili ni kuupa mwonekano wa uzito ambao hauna. Kabla hamjashika mkasi, nawaomba mwende kwa wavuvi wa hapa Mwanza, Mwaloni Kirumba au Igombe, asubuhi, mtazame nyavu zilizotupwa juu ya mawe na mitumbwi: zinavyolowa na kushuka moja kwa moja hadi chini, zinavyorundikana pale zinapogusa ardhi, na zinavyokaza tu pale palipo na ncha.

Mimi natumia kipimo cha 1:35, yaani milimita moja ya mfano ni milimita 35 za kitu halisi. Wengi wetu huku ziwani hukimbilia kipande cha wavu wa dagaa kwa kuwa kinapatikana kirahisi, lakini tundu la milimita 8 likizidishwa mara 35 linakuwa la sentimita 28, na askari angepitisha kichwa humo pamoja na kofia yake ya chuma. Tundu la chandarua, lenye milimita moja na nusu hivi, ni sawa na sentimita 5, na kwa ukubwa linafaa kabisa. Kasoro yake ni uzi. Poliesta hainywi maji wala rangi, na kila ukiikunja inajikunjua. Wavu wangu wa kwanza niliukata kwenye chandarua kilichochakaa. Ukasimama juu ya kifaru kama hema, pembe zote nne zikiwa hewani. Tangu siku hiyo natumia bandeji nyembamba ya pamba, ile inayouzwa duka la dawa ikiwa imeviringishwa.

Hatua ya kwanza ni kupanua matundu. Type 59, kifaru cha Kichina ambacho jeshi letu la Tanzania limekitumia, kina kiwiliwili cha urefu wa mita 6 hivi, ambazo kwa kipimo chetu ni sentimita 17. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 25 ili mikunjo ipate nafasi. Bandeji ikiwa nyembamba, unga vipande viwili kwa uzi. Kisha chomoa uzi mmoja na kuacha mmoja kwa kibanio cha nyusi, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Kazi hii humaliza jioni nzima na haina njia ya mkato. Uzi ukikatika, uache, kwa maana nyavu za kweli nazo hutoboka.

Hatua ya pili ni rangi. Loweka kipande katika chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari, kwa muda wa saa moja. Kianike kivulini, kisha kipitishie rangi ya maji ya kijani iliyozimuliwa sana.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi. Katika Vita Vikuu vya Pili nyavu nyingi zilifumwa vipande vya kitambaa cha gunia, kwa sababu wavu mtupu hauzuii jicho la rubani. Kipande cha upana wa sentimita 5 kwetu ni milimita moja na nusu, hivyo kata tishu iliyopakwa rangi kwa upana huo, ukichanganya kijani na kahawia, na uipitishe kwenye matundu kwa sindano butu. Songamanisha vipande katikati na uvipunguze kadiri unavyokaribia kingo. Sababu yake ni kivuli: wavu uliojazwa sawasawa hadi mwisho hutupa kivuli chenye ukingo mkali, na ukingo huo ndio unaoonekana katika picha ya kutoka angani.

Hatua ya nne, funika kifaru kwa nailoni laini ya kufungia chakula, laza wavu juu yake, kisha uloweshe kwa brashi yenye gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu mbili. Vuta mikunjo kwa kijiti ukielekea chini, na uache usiku kucha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wavu wangu umekauka, lakini matundu yana utando unaong'aa. Nimekosea wapi?* (Mwanachama wa Nyakato)

Marahaba. Gundi yako haikuwa na sabuni, na kosa ni langu kwa kutolitaja hilo juu. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye mchanganyiko, na mara tu baada ya kupaka, puliza kwa mrija wa soda tundu kwa tundu hadi utando upasuke. Kwa wavu uliokwisha kukauka, gusa utando kwa brashi yenye maji ya uvuguvugu mpaka gundi ilainike, kisha utoboe kwa pini.

*Naunda mandhari ya vita vya Kagera ya mwaka 1979, na kifaru changu kiko barabarani. Je, nikifunike chote?* (Mwanachama wa Bukoba)

Hapana, ndugu yangu. Kifaru kinachotembea hukunjiwa wavu wake, ukafungwa kwa kamba nyuma ya mnara, kwa sababu mnara lazima ugeuke na dereva lazima aone. Hata kilichosimama, usiufunike mdomo wa bomba la moshi, ambalo kwa Type 59 liko ubavu wa kushoto, upande wa nyuma, juu ya mnyororo. Wavu wa gunia ungeshika moto pale.

*Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yanaweza kushika nafasi ya tishu?* (Mwanachama wa Ilemela)

Kwa kipimo cha 1:72, ndiyo, na yanapendeza. Kwa 1:35 yanaonekana kama takataka zilizonasa. Ukiyatumia, yakaushe kwanza juu ya sufuria yenye moto mdogo, kwani kwa unyevu wa hapa wakati wa masika majani yasiyokauka vizuri huota ukungu mweupe chini ya gundi.