Muuguzi anapowafundisha vijana afya ya uzazi: mwongozo kutoka Bukavu

Kabla hujaingia darasani, mwone prefe, yaani mkuu wa shule. Shule nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, ziko chini ya makanisa, kwa hiyo mweleze waziwazi utakayofundisha, kondomu ikiwemo, wala usitarajie kulipenyeza jambo hilo katikati ya somo. Akikataa kondomu isionyeshwe darasani, kubali, kisha waambie wanafunzi siku na saa wanayoweza kukukuta kituo cha afya. Omba pia walimu watoke nje, kwa maana ni vigumu binti kuuliza habari za hedhi mbele ya mtu atakayemsahihishia mtihani kesho yake.

Anza na karatasi. Wagawie vipande vinavyofanana, na kila mmoja aandike kitu. Asiye na swali aandike salamu, ili kalamu zote zitembee pamoja na asijulikane aliyeuliza. Nakumbuka karatasi moja ya Kadutu, mtaa wa Bukavu, iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama kidonge, yenye mstari mmoja tu: «Mara ya kwanza mtu anaweza kushika mimba?» Swali kama hilo lijibu kwa neno moja kwanza: ndiyo. Baada ya hapo eleza kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na kwamba mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke. Kwa hiyo msichana ambaye mzunguko wake bado unayumba, kama ilivyo kwa wengi katika miaka ya mwanzo, hawezi kutegemea kalenda. Hapa usiharakishe. Chora mizunguko miwili ubaoni, wa siku 26 na wa siku 35, wahesabu wenyewe waone jinsi siku za hatari zinavyohama.

Kondomu ionyeshe kwa mikono yako: tarehe ya mwisho wa matumizi, hewa ndani ya pakiti, kufungua bila meno, kubana ncha kabla ya kuivisha. Waambie wavulana kwamba mafuta ya kujipaka na ya mawese huudhoofisha mpira wake. Kuhusu magonjwa, inatosha kusisitiza kwamba mengi hayaonyeshi dalili, hasa kwa wasichana, na kwamba kaswende na kisonono vina dawa.

Andika ubaoni saa 72. Aliyebakwa, msichana au mvulana, akifika kabla ya saa hizo kupita anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU, zinazomezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa hadi siku 5, lakini mapema ndiyo bora. Watajie mahali pa kwenda, kama Hospitali ya Panzi hapa Bukavu, na useme bila kuzunguka kwamba kosa si la aliyebakwa.

Siku chache baadaye atakuja mmoja kituoni na kusema, «Mama, rafiki yangu amechelewa mwezi wake.» Usimuulize kama rafiki huyo ni yeye. Mjibu yote kuhusu rafiki yake, taratibu, mlango ukiwa umefungwa, kisha mwambie, «Binti yangu, kipimo kiko hapa, akipenda aje hata sasa.» Na akirudi siku nyingine, usiliite jina lake kwenye foleni, toka mwenyewe umchukue.