Jua kama dizeli yako iko na DPF kabla fundi hajawasha grainda

Hapa Kisumu dizeli za Japani ni nyingi siku hizi, na naona kitu kinaniuma sana, taa inawaka kwa dashibodi, fundi analala chini ya gari anasema huo mkebe ndio unabana injini tuukate, na mwenye gari anakubali bila hata kuuliza ni mkebe gani.

Huo mkebe ndio DPF, kichungi kinachoshika masizi ya moshi wa dizeli. Ndani kuna kauri yenye vijia vyembamba kama sega la nyuki, kila kijia kimezibwa upande mmoja na cha jirani kimezibwa upande ule mwingine, kwa hivyo moshi lazima upenye ukuta, gesi inapita masizi yanabaki. Yakijaa, kompyuta inaongeza dizeli kidogo mpaka joto lifike kama digrii 600 ndio yachomeke. Sasa kama wewe kazi yako ni safari fupi za mjini, Kondele mpaka tao na kurudi, ekzosi haipati joto la kumaliza hiyo kazi, na hapo ndipo taa inawaka.

Kuitambua, anza kwa dashibodi. Isuzu wanaandika DPD, Hino DPR, Mazda DPF, na lori nyingi ziko na swichi yake kabisa. Halafu injini ikiwa imepoa ingia chini na tochi, fuata ekzosi kutoka kwa turbo, tafuta mkebe mnene wenye vipaipu viwili vyembamba, kimoja kinatoka mbele yake na kingine nyuma, vyote vinaenda kwa sensa moja ndogo. Hiyo sensa inapima presha ya pande zote mbili, ikiona tofauti kubwa inajua masizi yamejaa. Sailensa haina hivyo vipaipu. Kataliti nayo, ule mkebe mwingine wa kusafisha gesi za ekzosi, ukiifungua tundu zake zinapita wazi unaona mwanga upande wa pili, lakini DPF tundu moja iko wazi inayofuata imezibwa.

Usiamini mkebe kwa macho tu, kuna gari zinauzwa mkebe upo na ndani umetolewa wote, so angalia kama kuna mshono mpya wa welding, kisha ingiza kidole kwa mdomo wa ekzosi ikiwa baridi. DPF nzima huacha mdomo karibu msafi, ukitoa kidole cheusi tii jua imepasuka au haipo.

Taa ikiwaka tu bila kublink, panda nayo barabara ya Kericho kwa mwendo usiokatika, na usisimame juu ya majani makavu maana ekzosi ni moto sana wakati huo. Ikianza kublink, kwa gari ndogo peleka ikascaniwe, lakini kwa lori yenye swichi fuata kitabu cha gari, kwa kawaida ni kusimama mahali salama na kubonyeza hiyo swichi.

Oili nunua ya jivu kidogo, kwa kopo tafuta alama ya kiwango cha Japani, JASO DL-1 kwa gari ndogo au DH-2 kwa lori, kama kitabu cha gari kinakubali, kwa sababu jivu la oili halichomeki kamwe, linakaa humo mpaka DPF ifunguliwe isafishwe. Na ukichomoa stiki ya kupimia oili ukute oili imepanda badala ya kushuka, hiyo ni dizeli imeingia, mwaga uweke mpya kabla ya safari yoyote.