Jinsi ya kucheza kiungo kama Toni Kroos: anza na shingo, mguu utafuata

Kama unacheza namba nane, yaani kiungo wa kati, na unataka kukua, weka pembeni klipu za kanzu na tobo kwanza. Tafuta mechi moja nzima ya Toni Kroos, kiungo Mjerumani aliyechezea Bayern Munich na Real Madrid, dakika zote 90, na kazi yako iwe moja tu: usiangalie mpira, mwangalie yeye. Mpira ukiwa kwa kipa macho kwa Kroos, ukiwa kwa winga macho kwa Kroos. Dakika kumi za kwanza utaona kama hafanyi kitu, anatembea tembea tu, halafu ndo utaanza kuiona shingo. Kulia, kushoto, nyuma, tena kulia. Pasi ikimfikia ameshajua nani yuko mgongoni kwake na mpira unaenda wapi, ndo maana hata akikabwa hana papara.

Na huyu jamaa hakuwa na spidi, wala sio wa kulamba chenga watu watatu. Kazaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, Januari 1990, baba yake Roland ndo alikuwa kocha wake utotoni, akapitia Hansa Rostock, 2006 akaenda Bayern. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Septemba 2007 dhidi ya Energie Cottbus, kaingia mwishoni akiwa na miaka 17 na akatoa asisti mbili, zote kwa straika Klose. Pamoja na hayo yote Januari 2009 ilibidi aende klabu ya Leverkusen kwa mkopo ili apate dakika za kucheza, kwahiyo ukiwekwa benchi usidhani ndo basi.

Haya, mazoezi. La kwanza unahitaji wenzako wawili. Mmoja mbele yako na mpira, mwingine nyuma yako kama hatua kumi hivi. Kabla mpira haujakufikia wa nyuma anaonyesha vidole, wewe unageuza shingo, unataja namba kwa sauti, ndo unapokea. Wiki ya kwanza utapoteza mipira mingi sana, ni kawaida kabisa, endelea. Ukizoea, wa nyuma aanze kukukaba kweli: akija kwa kulia unatokea kushoto, asipokuja unageuka.

Halafu mwili. Viungo wengi wa mtaani wanapokea mpira wameangalia goli lao wenyewe, wakishtuka beki kashawafikia. Kroos pale Real Madrid alikuwa anashuka chini upande wa kushoto, kwenye ile nafasi kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, Marcelo, beki wa kushoto, keshapanda zamani, anapokea akiwa amekaa upande upande. Pale anauona uwanja wote mbele yake na straika wa wapinzani lazima akimbie mbali kumfuata. Jaribu hilo kwenye mechi yako ijayo, shuka uchukue mpira pale ambapo hakuna mtu, ila usishuke kila mara maana utamwacha mwenzako peke yake katikati.

Pasi sasa, na hapa ndo napapenda kuliko kote. Nenda katafute nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Bayern na Real, Munich, Aprili 2024, bao la kwanza la Vinícius. Simamisha video kabla Kroos hajapiga. Angalia mkono wake! Anamwonyesha Vinícius pa kukimbilia, beki wa Bayern Kim Min-jae kavutwa mbele na kaacha shimo nyuma yake, na pasi inapigwa kwenye lile shimo, sio kwenye mguu wa mtu. Mpira unapita katikati ya mabeki chini chini, Vinícius anaukuta unamsubiri, haongezi wala hapunguzi mwendo. Uzito ule haukuja kwa bahati. Tafuta ukuta, simama mita kumi, piga mguu wa kulia mara 50 na wa kushoto mara 50, kisha rudi mita 20 urudie, na kila pasi ujiulize: mpokeaji angeiweza kwa tachi moja? Kwenye Euro 2024 dhidi ya Scotland alipiga pasi 102 na 101 zikafika.

Mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, usiiache. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley 2024, dakika ya 74, kona yake inatua nguzo ya karibu na Carvajal, ambaye sio mrefu, anafunga kwa kichwa. Chagua sehemu moja, weka ndoo au tairi, piga kona 30 kila baada ya mazoezi mpaka mpira uanze kudondokea pale pale.

Na kukaba pia jamani. Watu wanakumbuka ile 7-1 Ujerumani walipoifunga Brazil Kombe la Dunia 2014 kwa mabao tu, lakini bao lake la pili lilianza na yeye mwenyewe kumpokonya Fernandinho mpira, akagongeana na mwenzake Khedira, akafunga. Mabao yake mawili siku ile yalipishana sekunde 69.

La mwisho ni pale unapoharibu. Kombe la Dunia 2018, Sochi, Ujerumani dhidi ya Sweden, Kroos alipoteza mpira kwa pasi mbovu na Toivonen akafunga. Sasa iangalie mechi iliyobaki, hajifichi hata kidogo, anaomba mpira vile vile. Dakika ya 95 faulo pembeni kushoto, anamgusia mwenzake Reus, Reus anausimamisha, Kroos anaukunja mpaka kona ya mbali, 2-1. Kwahiyo kwenye mazoezi yenu wekeni sheria hii: ukipoteza mpira, mara tu timu yako ikiurudisha pasi inayofuata lazima uiombe wewe, kwa sauti, na wenzako wakupe.